Nyapara na Ngege Wake

Nyapara wetu alikuwa na sauti ya kuangusha majani ya chai kabla hatujayachuma. Nyuma ya nyumba yake alichimba bwawa, akafuga samaki, ngege wa kutuuzia sisi tuliotoka ziwani, na kila jioni aliwaita kula kwa kugonga debe. Ngege wakalizoea debe. Korongo naye akalizoea, akawa anafika kabla yao. Basi jioni moja tukamkuta nyapara amechuchumaa matopeni, ukoko wa ugali mkononi, ananong'ona, "Kujeni, watoto yangu. Polepole, korongo asisikie." Kesho yake shambani akatufokea kama kawaida, "Haraka, nyinyi wavivu!" Adoyo, mchumaji mwenzangu, akanong'ona bila kuinua kichwa, "Polepole, korongo asisikie." Nyapara papo hapo akatazama angani.