Korongo Lililoezekwa

Nilikuwa mpiga chapa katika mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, enzi zile mashine za kuvunia zilipokuwa zikitembea nne nne ubavu kwa ubavu na vumbi lake likionekana tangu Katesh. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado haujazaliwa. Sote tulikuwa Arusha. Kazi yangu ilikuwa kuandika barua za watu wengine: za kuomba vipuri, za kuomba dizeli, za kumwonya dereva aliyesinzia juu ya trekta. Nilipiga kwa kasi na sikuyasoma niliyokuwa nayaandika, maana ukisoma unachelewa.

Ila siku moja nilisoma. Nililetewa tangazo nilikatie stensili, zitoke nakala za kupelekwa vijijini. Wafadhili waliokuwa wakisaidia mashamba walikuwa wametenga mfuko mdogo kwa vijiji vya Hanang na Mbulu. Kijiji chochote chenye mpango wa kulinda chanzo cha maji, kuvuna maji ya mvua, kuzuia mafuriko yanayokula ardhi au kuyatumia maji zaidi ya mara moja, kiliruhusiwa kuomba. Kijaze fomu, kiahidi nguvu kazi yake, kisha atakuja ofisa kuiona shida kwa macho yake. Nilipofika hapo nikaacha kupiga. Nilikuwa naiwaza chemchemi ya mama.

Mama alikuwa mjane, akiishi peke yake nyanda za juu za Mbulu, si mbali sana na Endagikot. Chemchemi ilikuwa chini kidogo ya nyumba yake, na nusu ya kijiji ilichota hapo. Juu ya mlima ilipita barabara, na tangu walipoweka kalavati, maji yote ya mvua ya upande ule yalitokea mahali pamoja. Yalichimba. Nikiwa darasa la tatu niliweza kulivuka lile korongo kwa kuruka. Nilipoanza kazi Hanang lilikuwa limeshammeza ndama wa jirani, na mwisho wake ulikuwa hatua kama thelathini kutoka kwenye chemchemi. Masika moja zaidi, na chemchemi ingekuwa tope. Maji mengine yalikuwa mtoni, bonde lote chini, na magoti ya mama yalikuwa yameshachoka. Kaka yangu, aliyehamia Babati, alishasema chemchemi ikifa atakuja kumchukua. Mama alijibu kwamba atatoka pale akiwa amebebwa, na kila mtu alielewa amebebwa vipi.

Kwa hiyo nikaiba nakala moja ya fomu. Nasema nikaiba kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, na sijutii mpaka leo. Jumamosi nikapanda lori la ngano mpaka njia panda, nikadandia jingine la vitunguu, nikafika nyumbani jioni nikinuka vitunguu.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Nikawakusanya wanawake jikoni kwa mama, nikawa nawatafsiria swali moja moja. Palikuwa na swali kama wanakijiji wana desturi ya kuyatumia maji tena. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na uji. Mama akasema, "Andika. Maji yaliyoosha mahindi yanaosha vyombo. Yaliyoosha vyombo anakunywa ndama. Ndama akibakiza, ni ya maboga. Sasa huyo anayemwaga maji baada ya mara moja ni nani, na anaishi wapi?" Nikaandika yote, bila hilo swali la mwisho.

Kazi ilikuwa kwenye mkutano wa kijiji. Wazee walisema kuomba ni aibu. Mwenyekiti alisema fomu inapaswa kuletwa na mwanamume. Mimi hasira zangu ziko karibu, nakiri, lakini siku ile nilizikalia. Nilisimama nikasema shikamooni wazee wangu, nikaeleza, nikakaa. Wakakataa. Nikasimama tena, nikawaamkia tena, nikaeleza tena. Mara ya nne mwenyekiti akatoa mhuri, nadhani ili niache kumwamkia.

Nilikwenda kuipiga chapa ofisini baada ya saa za kazi, siku tatu mfululizo, kila kosa nikilifuta na kulirudia. Baada ya miezi miwili jibu lilikuja: ofisa anakuja, na kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa maombi, nisafiri naye nimtafsirie pale wazee watakapozungumza lugha yetu. Nilimwandikia mama kumjulisha siku. Hilo ndilo kosa langu. Niliwajulisha siku.

Ofisa huyo, bwana maji kama tulivyomwita, alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye kusikia baridi wakati wote; alivaa sweta mbili na bado akawa anasugua mikono. Tulipofika kwaya ya kanisa ilikuwa imejipanga. Tukalishwa makande, tukanyweshwa maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu. Kisha mwenyekiti akasema twende tukaone, ila akatupitisha njia ya kanisani, ambayo ni ndefu na haipiti karibu na barabara. Nikashangaa kidogo.

Tukafika kwenye chemchemi. Ilikuwa imefagiliwa, mawe yamepangwa mduara, maji meupe. Nikageuka nimwonyeshe bwana maji korongo, na korongo halikuwepo.

Naapa, nilidhani nimepotea. Pale lilipokuwa palikuwa na majani mabichi, mazuri, tambarare, na mbuzi wawili walikuwa wakila juu yake.

Ndipo nikaelewa. Sisi ni watu wa nyumba za tembe. Zamani babu zetu walichimba nyumba ubavuni mwa mlima, wakaweka nguzo na boriti, wakaezeka kwa fito, udongo na majani yenye mizizi yake, mpaka adui akapita na ng'ombe wake juu ya paa asijue kwamba chini yake kuna watu wanakula. Wazee wetu walikuwa bado wana ujuzi huo mikononi. Walikuwa wamekata mikaratusi, wakalaza juu ya korongo, wakaliezeka. Siku nne kijiji kizima hakikwenda shamba. Sehemu ya juu, karibu na barabara, wakaizungushia miba.

"Dada, korongo ni lipi?" bwana maji aliuliza.

Mwenyekiti akawahi. "Lilikuwa dogo tu, mheshimiwa. Tumelirekebisha."

Bwana maji akatazama chemchemi, akatazama majani, akatazama mbuzi. "Mashallah," akasema. "Nimezunguka vijiji vingi, sijaona chanzo kilichotunzwa kama hiki. Hongereni sana. Mfuko huu ni wa walioshindwa, nyinyi mmeweza wenyewe. Nitaandika hivyo hivyo." Akafunga faili.

Watu wakapiga makofi. Waliona wamesifiwa.

Nikamvuta mama pembeni. Nilimwuliza kwa lugha yetu wamefanya nini. Alinishangaa. "Ulitaka mgeni aone shimo? Akirudi kwao aseme hapa wanaishi wavivu? Mgeni anapelekwa palipofagiliwa."

"Mama, amekuja kuona shimo!"

"Shimo ulishamwandikia kwenye barua. Kwa macho asilione."

Alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi. Yeye ndiye aliyetoa wazo, nilikuja kujua baadaye. Yeye ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwatoa watu. Alikuwa na furaha kuliko nilivyowahi kumwona tangu baba afe. Na mimi nilijua kwamba nikinyamaza, Land Rover itaondoka, na masika ikija paa litabomoka na kuifunika chemchemi kwa udongo wake lenyewe, na kaka yangu atakuja na gari kumchukua mama. Nikisema, nitamwaibisha mbele ya kijiji chake chote. Hapakuwa na njia ya tatu. Niliitafuta, Mungu anajua.

Nilimnyang'anya jirani jembe lililokuwa begani mwake. Nikawafukuza mbuzi, nikapiga pale majani yalipoungana. Pigo la kwanza halikufanya kitu. Wazee walikuwa wameezeka kweli kweli. La tatu likapenya, kipande cha majani kikaanguka ndani, na kikachukua muda kabla hakijasikika kimefika chini. Nikaendelea. Mwenyekiti alikuwa anapiga kelele. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini na nilikuwa nalia kwa hasira, jembe linakwenda tu.

"Mficha uchi hazai!" nilimwambia bwana maji, nikihema. "Njoo utazame. Hili ndilo nililokuandikia."

Nyuma yangu mama akasema kwa Kiswahili, kile alichojifunza kwenye elimu ya watu wazima, ili mgeni naye aelewe: "Mwanangu, umenivua nguo mbele ya watu."

Sikugeuka. Ningegeuka, ningeacha.

Bwana maji alisogea taratibu, akachuchumaa ukingoni, akachungulia. Kisha akashika boriti moja, akaitikisa, haikutikisika. "Haya ameyafanya nani?"

Mzee mmoja akakohoa. "Sisi."

"Kwa siku ngapi?"

"Nne."

Akafungua faili tena. "Pana swali hapa huwa linanisumbua kila kijiji," akasema. "Kama watu wana nguvu kazi ya kutosha. Kwenu nimeshalijibu." Akaomba aongozwe mpaka kwenye kalavati, kupitia kwenye miba, na tepu ya kupimia akaishika mwenyekiti, uso umemshuka.

Tulipata. Zilikuja nyavu za waya za kujaza mawe, saruji na mabomba. Watu wakachimba mtaro wa kuyachepusha maji ya barabarani hadi kwenye mkondo wa mawe, wakapanda majani ya tembo ukingoni, wakaijengea chemchemi na kuitegea bomba. Likizo yangu yote niliitumia kubeba mawe. Mama naye alibeba, mstari mmoja na mimi, na hakusema nami. Nilimwamkia kila asubuhi, akajibu marahaba, basi. Alinipa chakula, sahani ikawekwa mezani na mkono ukaondoka. Masika ikaja, chemchemi ikabaki nyeupe. Nikaandika barua kumwuliza habari za maji. Akanijibu kwa mkono wa mtoto wa jirani, mstari mmoja, kwamba maji ni mazuri. Nilifanya lile nililotaka kufanya, na kwa karibu mwaka mzima nilikuwa sina mama.

Siku ya ufunguzi walifagia tena. Hapo sikuwalaumu, palistahili. Bwana maji alikuja na sweta zake mbili, akafungua bomba, kwaya ikaimba, mwenyekiti akatoa hotuba iliyoeleza jinsi yeye alivyolipigania korongo lile tangu mwanzo. Nilikaa nyuma na wanawake. Mama alikuwa mbele, kwenye mkeka.

Hotuba ilipokwisha, mama akainuka. Magoti yalimsumbua, ikachukua muda, na watu wakadhani anataka kutoa shukrani, wakanyamaza. Akamwendea bwana maji, akamshika mkono.

"Mwanangu," akamwambia, "hapa pamefagiliwa. Njoo huku."

Akamwongoza kupanda, kuzunguka nyumba yake, na sisi wote tukafuata bila kujua tunakwenda wapi. Nyuma ya nyumba, mwisho wa shamba lake, palikuwa na mabua ya mahindi yamelazwa vizuri, safu kwa safu. Nilikuwa nimeyaona kila nilipokuja, nikidhani anayakausha kwa ajili ya ng'ombe. Mama akainama akaanza kuyatupa pembeni kwa mikono miwili. Chini yake palikuwa na fito, na chini ya fito hapakuwa na shamba. Ardhi ilikuwa imekatika na kwenda zake, nusu nzima ya shamba alilotulimia sisi watoto, na miaka yote hiyo alikuwa akivuna nusu na kutuambia mwaka ulikuwa mbaya.

"Hili nilimficha hata huyu," akamwambia bwana maji, akininyooshea kidole.

Kisha akanigeukia, kitenge chake kimejaa makapi.

"Kalamu unayo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi andika."