Dawa Ndani ya Kidumu cha Zamzam

Kazi niliyoifanya tangu ujana ni kupaka bati ndani ya vyombo vya shaba. Siku hizi ukiitaja hapa Mji wa Kale, watu wadhani wasema mabati ya kuezekea. Sivyo. Sufuria ya shaba ikichakaa kwa ndani hutoa kutu ya kijani, na ukipikia pilau ya harusi humo watatapika wageni, na bwana harusi atawatangulia. Hapo ndipo ilipokuwa ikiletwa kwangu. Naisugua kwa mchanga, naiweka motoni, nayeyusha bati na kulitandaza kwa tonge la pamba mpaka ndani kumete. Chombo hakitakiwi kuingia katika chakula. Shule niliiacha sijajua hata kugawanya, lakini hilo nilikuwa nikilijua kabla sijaota ndevu.

Kisha ikaja plastiki na kazi ikafa. Watu wakapeleka masinia na mabirika ya bibi zao kwenye maduka ya karibu na Ngome, watalii wakaenda nayo kwao kuyatia maua. Sikulia. Hata mimi nililipenda jagi jepesi lisilotaka kusuguliwa.

Lakini nilitaka kusema habari ya mke wangu. Alianza kuugua mfungo mosi, tulipomaliza tu kula Idi. Macho yakawa rangi ya manjano, miguu ikavimba, chakula hakitaki hata harufu. Hospitali wakasema ni ini, na ugonjwa umekwisha kwenda mbali. Daktari alinieleza huku akiitazama karatasi. Tulirudi kwa tuktuk, na njiani yeye akanikumbusha kwamba chumvi imekwisha nyumbani.

Nikaamua kumtibu mwenyewe. Jirani yangu ana mlonge uani, nikawa nachuma majani kila asubuhi, nayachemsha na kijipande cha manjano mabichi. Sasa, jirani huyo huyo alipokwenda Hija aliniletea kidumu cha plastiki cha maji ya Zamzam kutoka Makka. Maji tuliyanywa kwa kijiko, kidumu nikakihifadhi, maana chombo kilichobeba maji yale humwoni mtu akikitupa jaani. Nikajiambia, dawa ya mke wangu itakaa wapi pazuri kuliko humu? Basi naitia ikitokota, nasoma Bismillahi, nafunga kifuniko upesi, kwa kuwa niliamini nguvu iko katika mvuke. Kidumu kilikuwa kikilegea kwa joto na kupindika mbavu. Nikakiona, nikasema ndiyo baraka yafanya kazi. Nikaenda hivyo miezi minne.

Binti wa ndugu yangu anakaa Tudor na anafanya kazi ya maabara. Ijumaa moja, watu wametoka msikitini, akaja kumzuru mgonjwa. Akakishika kile kidumu, akakigeuza.

"Ami, hii dawa umeitia ikiwa moto?"

"Ikitokota. Ya vuguvugu ina faida gani?"

Akakifungua, akakinusa, akakunja uso. Mtu akinikunjia uso mimi humchokoza. "Sema basi, msomi. Au majani ni ya wajinga?"

"Majani hayana ubaya, ami. Kazini twayajaribu. Twafuga chembe za ini katika kisahani, ndogo hata jicho halizioni. Tukizitia kemikali zitokazo kwenye plastiki ikipata moto, huharibika. Kemikali hizo hujifanya homoni, ule ujumbe ambao mwili hujipelekea wenyewe, na ini ndilo lenye taabu ya kuziondoa. Lakini tukitanguliza maji ya majani, chembe nyingi husalimika. Uharibifu huo ni kama kutu, na majani huizuia isile."

"Kama bati," nikasema.

"Kama bati hasa."

"Na shaba ikishatoboka?"

Alimenya chungwa ambalo hakuna aliyeliomba.

"Sisemi kidumu ndicho kilichomuumiza," akasema baadaye. "Aliugua kabla. Na kisahani si mtu, ami, hakuna awezaye kukwambia kwa hakika. Iache ipoe, kisha itie kwenye chupa ya kioo."

Kwa hakika. Ningeambiwa nimemuua ningejua la kufanya, ningetubu. Hili la kutojua halina toba yake. Na mimi si mtu wa kusema sikujua vyombo.

Nilimwambia mke wangu jioni ile ile, nimekaa upande wa miguu yake. Alisikiliza, kisha akacheka hicho kicheko chake cha siku hizi, cha pumzi tupu.

"Na mbaazi zangu za moto, ulidhani nilikuwa nikikupakulia katika nini miaka yote hii kama si bakuli la plastiki? Tumelishana, mume wangu."

"Mimi mzima."

"Basi una tumbo la shaba." Akafumba macho. "Hicho kidumu kiondoe. Lakini usikitupe, ni cha Zamzam."

Nikaosha chupa ya achari mara saba mpaka harufu ya embe ikatoka. Sasa dawa naiacha ipoe, naitia katika kioo, naona rangi yake nzuri. Nampelekea. Mwezi uliopita alikuwa akinywa kikombe kizima kutoka katika kile kidumu. Siku hizi nampa kwa kijiko, hukigusa kwa mdomo tu, akageukia ukutani, na kijiko hunirudia kimejaa. Nimekaa nacho hapa, sijui nikimwage wapi.