Marehemu Alitoka na Mswaki

Filamu yetu ya chuo ilihitaji marehemu, na baba akakubali kulala mkekani, pamba puani. Mimi, mwongozaji wa kujipachika, niliigeuza picha yake kuwa nyeusi na nyeupe kwa simu, nikaongeza mshumaa, nikaiweka status: "Mzee ametutoka." Jina la filamu nililiweka kwenye picha ya pili, eti watu wapate hamu. Nikazima simu, nikalala.

Asubuhi shangazi alifika kutoka Kirando akilia, uso kafunika kwa kanga, majirani nyuma yake na unga wa msiba. Baba akatoka mbio, mswaki mdomoni, akamkumbatia.

"Pole, dada! Nani katutoka?"

Kilio kikakatika. Shangazi akamwonyesha simu. Baba akaitazama, akautoa mswaki, akaniita kwa jina langu la ubatizo.