Mamamkwe Aliyepima Kiwanja kwa Kiko

Majina ya wote waliokuwepo siku ile ninayo kichwani, hata la mbuzi wa jirani. Sitayataja. Wajukuu wa wengine ndio wanaoniuzia sukari pale Kibondo mjini, na sukari bado naitaka.

Ulikuwa mwaka wa kuhama, katika miaka ile ya sabini. Tuliambiwa tuache nyumba zetu zilizotawanyika milimani, tukakae pamoja katika kijiji kipya upande wa Kasulu. Mimi nilikuwa mke mpya, mimba ya kwanza miezi sita, na kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho. Nilitaka jambo moja tu: mvua zikija, nijifungulie ndani ya nyumba kavu.

Mwenyekiti wa kijiji alituonyesha viwanja viwili, tuchague. Cha juu kilikuwa mteremko wa udongo mwekundu, na kichuguu kikubwa katikati kama mzee aliyekataa kuhama. Cha chini kilikuwa tambarare, udongo mweusi wenye nyufa, lakini nyasi mbichi wakati kwingine kote kumekauka. Tena barabara ipo karibu.

Mume wangu akapiga mguu chini. "Hapa ndipo. Ukichomeka hata mpini wa jembe, unachipua!"

Na mimi nisijifanye mwerevu leo. Nilikubali upesi. Nilishajiona nimekaa barazani, nawatazama wapita njia na nguo zao.

Kesho yake mamamkwe alikuja kwa miguu, jembe begani, kibuyu cha maji mkononi, kiko mdomoni. Alianza na kile cha chini. Alichimba shimo la kufika kwenye kiwiko, akamimina maji. Nyufa ziliyanywa yote palepale.

"Umeona, mama!" mume wangu akapiga makofi. "Hapa maji hayatuami."

"Hiyo ni kiu tu, mwanangu. Mgeni aliyetoka safari humjui ulafi wake kwa bakuli la kwanza."

Akamtuma kisimani, akamtuma tena, na tena, mpaka nyufa zikafumba. Ndipo akajaza shimo, akawasha kiko, akakaa chini. Kwao walipima hivyo: kiko kikiisha na maji yamekwenda, jenga, kikiisha na maji bado yapo, panda magimbi.

Kiko kikaisha. Niliinama nikauona uso wangu ndani ya shimo.

"Mama, leo umevuta haraka," mume wangu akasema.

"Haya, nivute cha pili, nikusaidie."

Akavuta cha pili. Uso wangu bado ulikuwemo. Tukapanda mpaka kile cha juu, akafanya vilevile. Kiko hakijafika nusu, shimo likawa tupu.

"Sisi tunajenga nyumba, hatujengi kiko," akasema mume wangu, na mwenyekiti, aliyekuja kututazama, akacheka. Tukajenga chini. Mamamkwe hakubishana. Alimwomba mwenyekiti kile cha juu apande mihogo yake, kisha akaniambia pembeni, "Mkamwana, mwambie mumeo nguzo asizishindilie sana, asije akachoka kuzing'oa."

Mvua zikaja. Wiki ya kwanza tuliona raha, udongo ulinukia vizuri. Wiki ya pili shimo la choo lilijaa maji na vyura wakahamia bila kumwuliza mwenyekiti. Ukivuka ua, unatoka na viatu ambavyo hukununua. Kuta zilipasuka, mlango ukakataa kufunga, miguu ya kitanda ikazama, upande wa mume wangu zaidi. Wapita njia niliowangoja ndio sasa walionitazama mimi, nikichota maji sebuleni kwa sufuria.

Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Nikamwambia, "Baba, mwanao ataogelea kabla hajatambaa."

Asubuhi nilimwona anazing'oa nguzo, moja moja, anazipandisha mlimani. Kumbe hakuwa amezishindilia sana. Mamamkwe alikuwa amekaa juu ya kichuguu, kiko mdomoni.

"Karibu, jirani," akamwambia mwanawe.

Kuta tulizikandika kwa udongo wa kichuguu kilekile, na majirani wakatusaidia kuezeka. Mwanangu alizaliwa humo, mvua inapiga nje, sakafu kavu kama unga. Kule chini tulipanda magimbi, yakawa manene kama mapaja ya mwenyekiti.

Baada ya mavuno mawili, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja kutafuta kiwanja. Mume wangu, ambaye hajavuta tumbaku maisha yake yote, alichukua jembe na kibuyu, akaazima kiko cha mama yake. Alimimina maji mara nne, akawasha, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Polepole, mwanangu," mamamkwe akamwambia. "Wasije wakasema umevuta haraka."