Dada Aliyeikinga Damu Yangu Dhidi ya Mayai

"Wagonjwa wote wanaarifiwa kwamba, kuanzia Jumatatu, mapazia ya chumba cha mashine yatakuwa ya kijani."

Tangazo hilo lilisomwa kwa taadhima asubuhi ile ile ambayo kiatu changu kilikataa kuingia mguuni.

Nilibonyeza kifundo. Kidole kilizama, na shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa.

Figo zangu zilikufa zamani. Mara tatu kwa wiki mashine huitoa damu yangu, huichuja, kisha hunirudishia. Dada yangu, aliyejitolea kunipa figo yake moja, huiita kazi hiyo "kuosha damu".

Neno hilo ndilo lililotuponza.

Kabla ya mashine, daktari alinipunguzia nyama, mayai na maharage ili figo zipate nafuu. Mashine ilipokuja, dada hakuliondoa katazo. Alilikaza.

"Damu imetoka kuoshwa, wewe unataka kuitia mayai?"

"Dada, ni yai moja tu."

"Ndivyo watu wanavyozikwa. Kula kabichi yako."

Niliila. Kubishana kunahitaji nguvu.

Muuguzi alipoliona lile shimo, alimwita dada kitandani kwangu.

"Mgonjwa anakula nini?"

"Vitu visafi."

"Kama vipi?"

"Wali mweupe. Kabichi."

"Na kesho yake?"

"Kabichi."

"Dada yangu, unamlisha au unamfungisha?"

Akaeleza. Pamoja na taka, mashine huondoka na vile vipande vidogo ambavyo mwili huvitumia kujengea protini, na mimi sikuwa nikirudisha chochote. Albumini, protini inayoyashikilia maji ndani ya mishipa, ilikuwa imeshuka mno. Maji yakahamia miguuni.

"Tangu aanze mashine alitakiwa kuongezewa nyama na mayai. Kwa damu hii, hakuna daktari wa upasuaji atakayemgusa."

"Mbona hamkusema?"

"Mbona hamkuuliza?"

Wote wawili walikuwa sahihi, jambo ambalo halikunisaidia.

Kisha dada akauliza, sauti imepungua: "Na mimi je?"

"Wewe una nini?"

"Nakula hivyo hivyo. Mwaka mzima. Nilitaka figo nitakayompa iwe safi."

Muuguzi aliuvuta chini ukope wa dada. Ndani palikuwa peupe. Vipimo vilithibitisha: damu haba, uzito haba, hafai kutoa figo.

"Kumbe nilikuwa nakuua, mdogo wangu."

"Angalau tungezikwa wasafi, dada."

Hakucheka. Wala mimi.

Nawe unayesoma, daktari akikukataza kitu, muulize katazo hilo linaisha lini. Makatazo hayana tabia ya kuondoka yenyewe.

Kamati ya upandikizaji ilikutana, ikatusikiliza kwa makini, na ikaamua: upasuaji umeahirishwa hadi hali zetu zitakaporidhisha, na sote wawili tusimamiwe na mtaalamu wa lishe, nafasi ya kazi ambayo, kamati ilisikitika kueleza, bado iko wazi.