Baba Neema Hakuiba Picha

Jana nilikupigia simu, Baba Neema. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba umetuacha. Ikaita, mke wako akashika, nikakata kabla hajasema hello.

Akili yangu imekataa. Jumatatu si ulipita hapa dukani kwangu kwa photocopy ukaniambia nipunguze sukari?

Kwa wale hamkumjua, Baba Neema alikuwa mwandishi wa mabango hapa Bondeni. Ukiona hoteli imeandikwa CHAPATI MOTO kwa herufi nyekundu zenye kivuli, huo ni mkono wake.

Lakini roho yake ilikuwa kwa katuni. Anachukua cover ya kitabu cha katuni cha zamani, vile tulisoma tukiwa watoto, anaichora upya kwa style yake mwenyewe.

Kuna cover moja ilikuwa na jamaa wa misuli anaruka kutoka kwa ndege. Baba Neema akamtoa huyo jamaa, akaweka mama wa kuuza sukuma wiki anaruka mtaro, kikapu kichwani, mbwa nyuma yake.

Nikamuuliza, "Huyu si ni mimi?"

"Wewe? Mama Ruth, wewe ungeingia mtaroni na kikapu."

Nilicheka hadi mteja akaniambia karatasi zake za photocopy zimejaa kwa sakafu.

Sasa sikieni hii, ndiyo imefanya niandike. Chini ya kila picha alikuwa anaandika mstari mmoja: "Mwenyewe ni", halafu jina la aliyechora ile ya kwanza. Jina lake linakaa kando, dogo kama sisimizi. Kama hajui nani alichora, anaandika, "Mwenyewe simjui, Mungu anamjua."

Nilimwambia ajiandike kubwa. Akasema, "Mama Ruth, hapa kwa hii picha nimekuja tu kutembea."

Basi wachoraji wa hizi cover wakapata ukumbi hapo mjini waonyeshe kazi zao. Wakamchagua. Woi, alifurahi! Alinyoa ndevu.

Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vibonyezo isiyo na internet, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa admin wa page yake. Nilikuwa nascan hapa kwangu, napost. Siku hiyo nikaangalia picha ya mama wa sukuma, nikaona jina la mtu mwingine limekaa pale chini wazi, la Baba Neema halionekani. Nikasema hapana, huyu mtu amechora kuta za watu miaka yote, wacha leo aonekane yeye.

Nikacrop. Ule mstari wa chini wote nikakata. Juu nikaandika, "Kazi ya mikono ya Baba Neema, Mungu ni mwema."

Mtu akaleta ile cover ya zamani, akaiweka kando ya yetu kwa comments. "Mzee wa copy paste." "Mwizi wa jasho la watu." Wengine mko hapa, nawajua.

Haikupita siku mbili, watu wa ukumbi, waliokuwa wameona ile post tu, wakamwambia aje aondoe picha zake kabla hazijatundikwa. Akazibeba kwa gunia, akaja moja kwa moja hadi kwangu.

"Mama Ruth, si niliandika?"

"Uliandika."

"Sasa mbona hawakuona?"

"Watu siku hizi hawasomi, Baba Neema."

Hivyo ndivyo nilisema. Mimi, wa kufundisha watoto Sunday school.

Akafikiria, akasema, "Basi nitaandika kubwa."

Na akaandika kubwa. Kila picha mpya, ule mstari unaongezeka. Ya mwisho aliniletea, "Mwenyewe ni" ilikuwa imekula nusu ya karatasi, hata watu wa kwa picha hawana miguu. Akauliza, "Hii wataona?" Nikasema inapendeza.

Ile post nilikuwa nimeshafuta. Nikaomba msamaha kwa Mungu nikadhani imeisha. Kumbe kwa Baba Neema sikuwa nimeomba.

Baada ya hapo hakuchora tena.

Jumanne asubuhi pressure ikampanda, akaanguka na kikombe cha chai mkononi. Daktari alisema ni ya miaka mingi, na mimi sisemi ni picha ilimuua. Lakini amekufa akijua watu wanamwita mwizi, na mimi niliyesababisha nilikuwa namsalimia kila siku.

Leo Mama Neema alikuja nimchapie program ya mazishi. Akasema, "Za katuni usiweke hata moja. Sitaki minong'ono kaburini."

Nikaacha kutype. Nikamwambia yote.

Alikaa kwa kile kiti cha wateja, akashikilia mkoba wake.

"Na ulikuwa unakuja kwangu kunywa chai."

"Ndiyo, Mama Neema."

"Alikuwa ananiambia hata mimi, watu hawasomi. Kumbe ni maneno yako alikuwa ananiletea nyumbani."

"Ni yangu," nikasema.

Akasimama. "Kukusamehe, sijui. Lakini andika. Pale pale walimtukana, andika hapo. Na picha uziweke kwa program, zote."

Kwa hivyo hizi hapa chini. Sijakata hata ukingo. Anzeni kusoma chini. Wewe uliyemwita mwizi, futa jina lake popote ulipoliandika, halafu uniandike mimi.

Mazishi ni Jumamosi, kwake Kiamunyi. Nitakuja. Nikiambiwa nisimame kando ya barabara, nitasimama hapo.

Baba Neema, watu wanasoma. Walisoma kile mimi niliwaachia. Kosa halikuwa la mwandiko wako, wala la macho yao.

Lala, ndugu yangu. Uliandika, na ilisomeka vizuri.