Makoti Mawili ya Andendekisye

Kila Julai, sakitu, ule umande ulioganda, inapolala nyeupe kama unga juu ya majani ya kijijini Isongole, Andendekisye hulala nyumbani akapigana Uhabeshi. Mwili uko kitandani na mkewe Atuganile. Roho iko mlimani, ndani ya ukungu, chini ya risasi za bombomu za Waitaliano. Usimguse, jamani! Atuganile alimgusa mara moja, akala kiwiko cha pua.

Katika ndoto hiyo hutokea Tadeo, Mhehe wa Kalenga, rafiki yake wa Keya, jeshi la Mwingereza. Anasimama bila koti, anatabasamu, halafu ukungu unamfunika polepole kama mtu anayeingia mtoni. Andendekisye anamwita, sauti haitoki.

“Baba Asukile, huyo Tadeo ana mama yake,” Atuganile alimwambia asubuhi moja, mwaka wa hamsini na tatu. “Nenda ukamwambie ulichoona.”

“Nimwambie nini? Kwamba mimi waliniokota nimevaa makoti mawili, langu na la mwanawe?”

Hapo ndipo palipomuuma. Baada ya mapigano wenzake walimkuta mlimani, hajitambui, koti la Tadeo juu ya lake. Tadeo mwenyewe hakuonekana tena, akahesabiwa kuwa amepotea. Je, alimpa koti lile? Au yeye Andendekisye, kwa woga wa kufa, alimvua mwenzake? Baridi ilikuwa imezifuta kichwani saa zile za mwisho. Aibu ikamkalia miaka yote hiyo, na aibu, mnaijua, haimwachi mtu afikiri.

Akapanda basi hata hivyo mpaka Iringa, akatembea hadi mlangoni kwa mama yake Tadeo, Kalenga.

“Kamwene, mama.”

“Kamwene, mwanangu. Karibu.”

Bibi Evarista, mama yake Tadeo, alikuwa mdogo wa umbo, mkaidi ajabu. Mapadri wa Tosamaganga walishamsihi wamsomee Tadeo misa ya marehemu, akakataa katakata. Asingemlilia mtoto wake, alisema, mpaka aje mtu aliyekuwa naye. Kila Jumapili alimwombea pamoja na wazima.

Sasa mtu mwenyewe ndiye huyu, kakaa kwenye kigoda.

Andendekisye akaeleza. Walivyopanda mlima gizani, mvua ya mawe ikiwapiga. Kombora lilivyopasuka karibu, likamrarua mikono yote miwili, na Tadeo akamburuta nyuma ya jiwe. Wenzao waliporudi nyuma, hao wawili wakabaki. Baridi ile, mama, haikuwa ya dunia hii. Iliingia kama usingizi, tamu, ukatamani kuifuata. Aliona ng'ombe wa baba yake wakipita hewani. Aliusikia mkono wa Tadeo mgongoni, halafu hakuusikia.

“Na nilipozinduka hospitali, nilikuwa na koti lake,” alisema, machozi yakimtiririka. “Sijui kama alinipa. Pengine nilimwibia, mama. Pengine nilimuua mimi.”

Bibi Evarista akamsogelea. Kisha akauliza, taratibu, kama anayeuliza habari za shamba:

“Mikono yako, unasema, ilikuwaje?”

“Imeraruka, mama. Haikushika kitu. Hata uji nililishwa na nesi.”

“Na hilo koti, walikuvuaje?”

“Nesi alinifungua vifungo. Walionikuta walisema lilikuwa limefungwa hivyohivyo, mpaka shingoni.”

“Mpaka shingoni.”

“Ndiyo, mama.”

“Sasa, mwanangu,” alisema Bibi Evarista, na sauti ikaanza kumkatika, “vifungo hivyo alifunga nani?”

Andendekisye akainama. Akaitazama mikono yake yenye makovu, akaigeuza, akaigeuza tena.

Mama yule akasimama, akajishika kichwa, akapiga ukelele uliosikika mpaka ng'ambo ya mto. Wanawake waliokuwa wakilima wakatupa majembe, wakaja mbio wakiulizana kafa nani.

“Tadeo!” akawajibu. “Tadeo wangu amekufa!”